Boya Ndani ya Beseni

Kwenye maonyesho ya wanafunzi wangu wa ufundi pale Tengeru, binti mmoja alitikisa maji ndani ya beseni. Boya dogo likapanda na kushuka, taa yake ikawaka, na redio ya mezani ikalia.

"Mawimbi ndiyo yanayotoa umeme," alieleza. "Boya linapokea wito wa chombo na kuupeleka nchi kavu bila waya."

Mama mmoja akasogea na kikapu chake. "Mwanangu, bahari ikichafuka halizimiki?"

"Hapana, mama. Hapo ndipo linapata nguvu zaidi."

Mama akashika ukingo wa beseni. "Kijana wangu alikuwa baharia. Alinipigia akasema mawimbi ni makubwa na simu inaisha chaji. Mwili haujapatikana. Wazee wanasema tuzike mgomba badala ya mwili wake, kama ilivyo mila. Nimekataa."

Mikono ya binti ikasimama, na taa ikaanza kufifia. Mama akaweka kikapu chini, akatia mkono ndani ya maji, akatikisa yeye.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na kila kipindi nilikifunga kwa wakati. Siku hiyo kengele ya kufunga maonyesho iligongwa, na hakuna kati yetu aliyeweza kumwambia mama atoe mkono majini.