Mwalimu Ushahidi

Mwalimu Esnath alishuku kila kitu. Muuza duka wa Bagamoyo, mtaa mmoja wa mji wao mdogo huko Unyakyusani, akimpimia sukari, aliinamia mizani mpaka mshale utulie. Mwanafunzi akiomba ruhusa ya kwenda hospitali ya Makandana, aliambiwa atoe ulimi kwanza. Na darasani, ukisema mhusika fulani ni bahili, ulirushiwa swali lile lile: "Ushahidi uko wapi?" Ndiyo maana kidato cha tatu walimwita Mwalimu Ushahidi. Alilijua jina hilo, na wala halikumuudhi.

Mwaka ule wa tisini na sita shule ilikuwa na nakala tisa za riwaya kwa wanafunzi arobaini, basi walisoma kwa zamu, kwa sauti. Riwaya ilimhusu tajiri mmoja, Lazaro, aliyewalaghai wakulima. Esnath aliandika msamiati ubaoni: bahili, mnafiki, kigeugeu. Kisha akasema, "Tafuteni ni lipi linamfaa Lazaro. Msiniletee ya kusikia. Tazameni anachosema, anachotenda, na anachokwepa."

Zamu ya Anosisye ilipofika, shaka ikaanza. Kitabu kilisema, "Lazaro akacheka." Msichana akasoma, "Yule tajiri akacheka." Mbele kidogo, "Yule mzee akaondoka." Esnath akafuata kwa kidole kwenye nakala yake. Ebo! Huyu hasomi, huyu kakariri! Tangu biashara ziachiwe huria, maduka yalijaa miongozo ya kila riwaya, imechapwa hovyo huko Dar, na wavivu waliinunua kama maandazi. Lakini Anosisye wa kijijini Masukulu, wa pili darasani? Esnath akamvizia.

Akatoa zoezi: chambua tabia za Lazaro. Anosisye akaandika kurasa mbili safi, hoja sita, kila hoja na mfano wake. Jina lenyewe halikuwamo hata mara moja. Ni "mhusika huyu" kutoka juu mpaka chini. Esnath alizunguka madukani siku mbili akiutafuta mwongozo wenye maneno yale, akaukosa, na kuukosa kukamkasirisha zaidi. Akampa sifuri kwa wino mwekundu.

"Simama," alimwambia kesho yake. "Nani kakuandikia?"

"Nimeandika mwenyewe, Mwalimu."

"Haya, mhusika mkuu anaitwa nani?"

Anosisye akatazama chini. Darasa likaanza kucheka.

"Mmeona? Hata jina halijui! Wewe wa dirishani, acha kucheka, mwambie."

Mvulana mrefu wa dirishani akafungua kinywa, lakini Anosisye akamtangulia, sauti ikimtetemeka. "Mwalimu, na huyo wa dirishani anaitwa nani?"

Loo! Nyani haoni kundule. Mvulana yule aliitwa Gwamaka, na Gwamaka ndilo jina la mzee aliyemzaa mume wa Esnath. Mwanamke wa Kinyakyusa halitaji jina la baba mkwe, wala hakutani naye uso kwa uso, tangu siku ng'ombe wa mahari wanapofika kwao. Esnath alikuwa na miaka kumi na minane ya ndoa, na jina hilo halijawahi kupita mdomoni mwake.

Chaki ikamponyoka. Masukulu kulikuwa na Lazaro mmoja, mnunuzi wa ndizi mwenye lori jipya, naye alikuwa na mtoto wa kiume wa kuoa. Esnath aliona aibu, kisha akaona hasira.

Jumamosi akaenda Masukulu. Kabla hajabisha hodi, alipita zizini. Jotham, baba wa msichana, akamkaribisha chai, akamsikiliza, akakana katakata kwamba kapokea mahari.

"Maneno ya watu hayo, Mwalimu. Ushahidi uko wapi?"

Esnath akaweka zile kurasa mbili mezani. "Huu hapa. Mwanao kamwandika Lazaro kurasa mbili bila kumtaja. Na zizini kwako kuna ng'ombe wawili wamefungwa peke yao, mbali na wenzao. Wageni hao?"

Mama Anosisye akaanza kulia. Jotham akakuna kichwa. "Ada inapanda kila mwaka, Mwalimu. Muhula ukiisha anaolewa, basi."

"Mwakani ana mtihani wa kidato cha nne. Ng'ombe hao wakilala hapa kesho, Jumatatu nitakuwa kwa afisa elimu."

Jotham akasema atafikiri. Esnath hakumwamini. Hakuyaamini hata yale mahindi mabichi aliyofungashiwa.

Jumatatu alimpa Anosisye kitabu. "Ukurasa wa arobaini," akasema.

Msichana akavuta pumzi. "Lazaro akafunga mlango..."

Esnath hakuamini. Akamsogelea, akaweka kidole juu ya neno lenyewe. "Rudia."

"Lazaro!" Anosisye akasema kwa nguvu, anacheka huku machozi yanamtoka. "Lazaro, Mwalimu. Lazaro akafunga mlango!"

Esnath akageukia ubao ili darasa lisimwone macho. Akafuta msamiati wa juma lililopita, taratibu.

"Vizuri," akasema. "Haya, wewe wa dirishani, endelea."