Mama Mukwe Chini ya Mdomo wa Terosauri

Mi ni mpaka rangi wa vibao hapa Dilala. Saluni, duka la dawa, mashine ya kusaga mahindi: ukiona kibao ambacho herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi, hiyo ni kazi ya mkono wangu.

Kisha nikaingiwa na wazimu wa terosauri. Hao ni wanyama warukao wa zama za dinosaria, si ndege wala si popo, na wale wakubwa kabisa walisimama na urefu wa twiga. Niliwakuta kwenye simu, katika kundi la wachoraji na wapenzi wa terosauri wanaogombana kwa Kifaransa kutwa nzima. Nikatuma mchoro wangu: meno kama msumeno, ngozi tupu, mtu ananing'inia kwenye kucha. Loo, walinicheka mpaka nikazima simu! Wale wakubwa hawana hata jino moja, wakaniambia. Wana vinyoya mwilini, wanatembea kwa miguu minne, mabawa yamekunjwa, na wanadonoa mawindo chini kama korongo. Mi nami, baba wa watoto watatu, nikaanza kuwafundisha majirani kana kwamba niliwahi kuwafuga.

Nikaamua kumpaka mmoja kwenye ukuta wangu unaotazama barabara, kwa nusu ya ukubwa wake. Kundi lina sheria: pembeni lazima asimame mtu, kivuli cheusi bila uso, ili ukubwa wa mnyama uonekane. Mke wangu alikataa. "Mi? Karibu na ile mudomo? Tafuta mujinga mwingine."

Nilihitaji mtu ambaye urefu wake naujua barabara, na huyo alikuwa mama mukwe, mama wa mke wangu. Kwetu mume hamtazami mama mukwe usoni. Mkikutana unaacha njia na kugeuka, na mkiwa na neno, mke ndiye analipeleka. Mbuzi mmoja wa heshima anaiondoa desturi hiyo, na mi kwa miaka kumi na moja nilikuwa bado "natafuta" mbuzi. Kwa hiyo nilimjua kwa mgongo tu. Alipokuja kwetu, kilemba chake kilifika sawasawa kwenye nondo ya chini ya dirisha la jiko. Nikapima nondo, nikagawa kwa mbili, nikampaka: kilemba, mkono kiunoni, hatua mbili kutoka mdomo wa terosauri. Kundi lilinisifu sana, nami nililala nikijiona bingwa.

Asubuhi wauza mboga wakasimama mbele ya ukuta. "Eeh! Haiko yule mama wa njia ya chini? Mukwe wake anataka munyama amumeze!" Hata madereva wa moto, hizi pikipiki za abiria, wakaanza kupunguza mwendo. Mke wangu akatoka, akashika kichwa.

"Mama yangu umemupaka kama chakula! Na unamuangaliaka! Kama haumuangaliake, umejua je vile anasimamaka?"

Nikaanza kumweleza habari za kipimo. Fikiria, kipimo! Akafunga furushi, akachukua watoto. "Mi naenda kwa mama. Nitarudia siku yeye mwenyewe atasema nirudie."

Siku nne nilikula bukari yenye mabonge niliyoisonga mwenyewe, na niliogopa kweli kwamba hatarudi. Niliposhika brashi nimfute mama ukutani, jirani akapiga kelele: "Unamufuta mama mukwe? Unataka akufe?" Nikaiweka brashi chini.

Siku ya tano walikuja wote wawili, mke wangu na furushi lake, mama nyuma yake. Nikageuka haraka kama desturi inavyotaka, nikajikuta nimekodolea macho tumbo la terosauri.

"Mama anauliza," mke wangu akasema, "ile kitu inakulaka nini?"

"Mwambie mijusi. Na vidinosaria vidogo."

"Anauliza, na bamama ba batu?"

"Hapana! Hata kidogo!"

Nikasikia kandambili zinasogea karibu na ukuta.

"Anauliza juu ya nini hana uso."

Ningeweza kutaja sheria ya kundi. Lakini niliona haya, nikasema kweli. "Sijui uso wake."

Mke wangu akasita kulipeleka neno hilo. Halikuhitaji kupelekwa. Kwa mara ya kwanza mama akasema na mi mwenyewe: "Mbuzi utaleta nyuma, siku ingine. Geuka."

Nikageuka. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani. Jicho moja lilikuwa na utando mweupe.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Basi paka uso. Na uniache pale pale, mi siogope ile munyama. Nilikuwa naogopa nitakufa haujaniangalia hata siku moja."

Kisha akamwambia mke wangu aingize furushi ndani. Mi nikashika brashi, lakini machozi yalikuwa yamenijaa, na mstari wa kwanza wa shavu lake ukaenda upande kabisa.