Cheti Nilichompa Fundi wa Mashine za Kahawa

Wasomaji wangu wa ubao wa shule, padri ameshanisikia na hakucheka, sasa zamu yenu. Fundi wa mashine za kumenyea kahawa, tuliyemzika Jumamosi kule kijijini Ruanda, niliwahi kumtengenezea cheti cha uongo. Chama cha ushirika kilikuwa kimetangaza kwamba msimu ule fundi asiye na cheti hapati kazi, na mzee wa watu alikuwa na masikio tu: anasikiliza mashine ikizunguka, anachota punje kiganjani, anatazama zilizochubuka, anakaza nati kidogo, basi. Mimi na ujinga wangu nikachapisha karatasi Mbinga mjini, nikaandika "Daktari Bingwa wa Mashine", nikaigonga muhuri niliouchonga kwa kiazi. "Shikamoo babu, chuo kimesikia sifa zako." Akaipokea kwa mikono miwili. Nilidhani ataisoma acheke. Kumbe akaenda nayo ofisini.

Nilikuwa nachungulia dirishani. Meneja aliisoma mara mbili. "Mzee, hii ni jela. Nani kakuandikia?" Mzee akanitazama pale dirishani, akageuza uso. "Nimeandika mwenyewe." Hamu ya kucheka ikaniisha yote. Meneja akaichana. "Nenda chuo cha ufundi wakakupime. Wakikupitisha, kazi yako."

Sisi wanafunzi hupenda kusema vyeti ni makaratasi, na kweli, kijana mmoja mwenye cheti alitupasulia kahawa nusu gunia huku akituonyesha picha za mahafali yake. Lakini mzee alirudi na cheti halali, pamoja na jambo ambalo masikio hayakuwahi kumfundisha: mkanda wa injini ufunikwe, na mkono usiingie mashine ikizunguka. "Miaka yote hii, mjukuu wangu, ni Mungu tu," alisema akifunika mkanda wa mashine yetu, palepale nilipozoea kupitisha vidole. Ninavyo vyote kumi. Ahsante, babu. Nilichojifunza ni kwamba fundi apimwe, ila apimwe mashine ikiwa mbele yake. Na bingwa naye akubali kuambiwa.

Tulipotoka makaburini nikamweleza mama kila kitu. Tulipofika barabarani akasema: "Najua. Aliniambia siku ileile, akanikataza nisikuguse, eti wewe ndiye uliyempeleka chuo. Sasa aliyenikataza tumemzika. Katafute fimbo."