Mtakatifu Aliyehojiwa na Babu Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na marehemu mume wangu alilijua hilo wala hakununa. Siku hiyo nilisimama mbele ya watu wazima wa kijiji chetu, kaniki ya mama nimeikaza kifuani, nikasimulia maisha ya mtakatifu. Nilikuwa binti mdogo. Nchi ilikuwa mikononi mwa Mwingereza, na kijiji chetu kilikaa kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa asubuhi moja kufika Tabora.

Nikueleze kwanza shida iliyokuwepo. Shule yetu ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, kengele yake kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya. Mwalimu Ambrosi, katekista wetu, alitufundisha kusoma kila asubuhi. Lakini mtama ukianza kukomaa, kwelea, wale ndege wadogo wa makundi, nao hushuka asubuhi hiyo hiyo, na kazi ya kuamia ndege tangu zamani ilikuwa ya watoto. Basi sisi tulipanda madunguni, vile vichanja vya miti vya kulindia shamba, na makombeo yetu, mwalimu akabaki anazitazama kuta. Mwaka ule wazazi walichoka kuvutana naye. Wakapeleka shauri kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji chini ya mtemi, kwamba shule ifungwe kabisa. Aliyewasemea ni baba yangu mzazi.

Mwanangwa hakukata shauri papo hapo. Alisema atakuja siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule, asikie watoto wamefundishwa nini, kisha aamue. Mwalimu Ambrosi akanichagua mimi nisimulie maisha ya mtakatifu huyo. Alijua anaweka shule nzima kwenye ulimi wa binti wa mpinzani wake. Mpaka leo sijui kama ulikuwa ujasiri ule au ujanja.

Siku ikafika. Watu wakakaa uwanjani, akina mama wakimenya karanga, mwanangwa kwenye kiti chake cha kukunja. Nikaanza. Mwanangu, nilianza kwa Kiswahili cha mimbari! Fadhila, utawa, neema itakasayo, yote niliyokariri. Nikaona vichwa vinaanza kusinzia. Mzee mmoja akamnong'oneza jirani yake, kwa sauti iliyofika mpaka kwangu, "Huyu mtoto anasimulia au anatambika?"

Hapo akainuka babu yangu, Mihambo. Ujana wake wote babu alikuwa mpagazi, amekwenda pwani na kurudi na mizigo ya watu, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu kama kisigino.

"Mjukuu wangu, ngoja kwanza," akasema. "Huyo bwana wako, alibeba nini?"

Watu wakaangua kicheko. Lakini babu hakuwa anatania. Kwa wapagazi, mgeni aliulizwa mzigo wake kabla ya jina lake: pembe, nguo, chumvi au shanga. Ukishajua mzigo, umemjua mtu.

"Hakubeba kitu, babu. Alizaliwa tajiri."

"Basi huyo alikuwa anatembea tu. Kaa chini ule karanga."

Nikamtazama Mwalimu Ambrosi. Alikuwa amefumba macho. Nikamtazama baba, nikaona anatabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kushinda. Tabasamu lile ndilo lililonifungua kinywa. Kiswahili cha mimbari nikakiweka kando, nikasema Kinyamwezi, kama tunavyosema jikoni, ambako babu huitwa guku.

"Guku, alibeba watoto wa wenzake."

Babu akaketi. "Haya. Tuambie alivyowabeba."

Nikamwambia. Kwamba zamani, huko ng'ambo, alikuwa padre mwenye cheo na mali, akaona watoto wa mafundi na wachuuzi wakizurura hawana wa kuwafundisha. Kwamba aliwachukua walimu maskini, wasiojua hata kushika kijiko mezani, akawaweka nyumbani kwake, wakala naye.

"Ndugu zake wakasemaje?" babu akauliza.

"Wakasema amerukwa na akili."

"Hata baba yangu alisema hivyo nilipoondoka kwenda pwani! Endelea."

Nikaendelea. Kwamba njaa ilipoingia aligawa mali yake yote ikawa mikate, akabaki kula wanachokula wengine. Na kwamba wasomi walitaka watoto waanze kusoma kwa Kilatini, yeye akakataa, akawafundisha kwa lugha ya mama zao.

"Kilatini ndicho ulichokuwa unatupa wewe sasa hivi!" mama mmoja akapaza sauti, na safari hii nilicheka pamoja nao. Hakuna aliyekuwa anasinzia tena.

Nilipomaliza, babu aliwageukia wazee wenzake. "Njiani, mwenzetu akishikwa na homa, mzigo wake tuliufanyaje?"

"Tuliugawana," wakajibu.

"Hatukumwachia?"

"Abebe vipi naye anaumwa?"

"Basi watoto hawa nao wana safari asubuhi, na kwelea ni mzigo wao. Tugawane. Mimi kesho napanda dungu."

Baba akashtuka. "Baba, na magoti hayo?"

"Magoti haya yameiona bahari. Yatashindwa na ngazi ya miti? Au wewe unaona haya kupiga kelele za ndege mbele ya mkeo?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Baba akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika, nikajua naye anacheka. Mwanangwa akasubiri watulie, akasema, "Shule ibaki. Asubuhi wataamia wakubwa, na watoto watapanda wakitoka kusoma." Mwalimu Ambrosi akafumbua macho.

Ungewaona kesho yake, mwanangu! Wanaume wenye mvi juu ya madungu, wanavurumisha makombeo, wanawafokea kwelea kama wanawafokea mashemeji. Na sauti ya baba yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Nilipita njiani nikienda shule, nikajiona binti wa mtemi.

Kutoka katika kuta zile za udongo walitoka mafundi, wauguzi, na makarani wa reli pale Tabora. Nami nikatoka mwalimu, nikafundisha mpaka macho yalipochoka. Sioni aibu kujisifu, maana ninayemsifu si mimi peke yangu, ni kijiji kizima kilichopanda dungu.

Sasa nawe unakwenda kuanza ualimu, nisikilize. Usimfundishe mtoto ili wakuone umesoma. Mfundishe kwa maneno anayoyasikia nyumbani kwao, kisha umpeleke mbele taratibu. Asipokuja darasani, usimtukane mzazi wake. Nenda ukaone ni kazi gani imemshika mtoto yule, ukatafute nani wa kumpokea kazi hiyo. Na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kujitolea.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe darasa lililojaa, akupe sauti isiyokauka, na popote utakapojisahau ukaanza kusema maneno makubwa, akuinulie mzee wa kukukatiza.