Kila Maman na Katazo Lake

Siku niliyotoka kituo cha afya, kifua kilikuwa kimepona lakini miguu ilikuwa bado ya mtu mwingine. Homa ya mapafu ilikuwa imenilaza siku kumi. Patronne, mama mwenye atelier ambako nilikuwa ninajifunza kushona, alinipigia simu hata kabla sijafika nyumbani.

"Mutoto wangu, nakungojea mpaka mardi ya kisha Pasaka. Kisha ile siku, machine naipa mwingine. Kuko basichana bane ku mulango."

Nilihesabu wiki mpaka Jumanne ile baada ya Pasaka: tano. Nikacheka peke yangu. Mimi ni mtu wa kuota ndoto hata nikiwa ninapanda ngazi za udongo za Kadutu, mtaa wetu, na anayeota kwenye zile ngazi anaanguka, lakini sijaacha. Kwenye machine ile ya pili, cherehani ya karibu na dirisha, ndipo nilikuwa nimejiona nikishona kanzu ya bibi harusi yenye mkia wa kubebwa na watoto wawili. Wiki tano zilikuwa nyingi sana.

Infirmier, muuguzi aliyenitunza, tonton mmoja wa sauti ya chini, alikuwa amemwambia maman yangu maneno machache wakati wa kuagana.

"Amalize dawa yote, hata akisikia muzuri. Akule kila kitu: maharagi, lenga-lenga, sambaza, yai, avoka, maracuja. Alale ya kutosha. Apige miguu kidogo kila siku mu jua ya asubui. Nguvu ya mwili ya kujikinga na magonjwa haiko ya chupa moja, maman. Inajengwa polepole."

Maman alisema ndiyo, ndiyo tonton. Na alisikia kweli. Lakini infirmier hakai kwenye avenue yetu. Wanaokaa ni mamans wa shirika.

Shirika letu ni nyumba kama ishirini za Wakatoliki wanaosali pamoja kila mercredi, yaani Jumatano, leo kwa huyu, wiki nyingine kwa yule. Mtu akiugua, wanakuja kumwona mmoja mmoja, na hakuna anayekuja mikono mitupu. Dawa ya mgeni unainywa yeye akiwa hapo, anakutazama mpaka kikombe kibaki kikavu. Ukisema utakunywa kesho, umemdharau, na hiyo kesho hata watu wa Bagira, mbali kule, watakuwa wamejua.

Wa kwanza alikuwa maman anayeuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Alileta tangawisi iliyopondwa pamoja na vitunguu saumu na ndimu.

"Kunywa, binti. Iko kali sawa mamukwe wangu, lakini inasaidia."

Nikanywa, machozi yakatoka. Akafurahi. Akiwa mlangoni akageuka: "Na yai asikule. Yai inafunga kifua."

Kesho yake alikuja maman présidente, mkubwa wa shirika, na chupa ya mululuza, yale majani machungu ya kila ua. "Yai akule, iko muzuri. Lakini jua hapana. Jua inarudisha homa." Maman wa nyumba ya juu akaleta majani ya mikaratusi ya kunifukiza chini ya bulangeti, akakataza sambaza: eti samaki anaita kikohozi. Mwingine akakataza maharagi, sababu hewa ya tumbo inapanda kifuani. Mwingine akasema avoka ni baridi. Mwingine akafunga dirisha mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu ya upepo wa ziwa.

Maman yangu alikuwa na njia yake ya kuwaheshimu wote: alichoruhusu mmoja hakukifuata, alichokataza yeyote alikifuata. Aliyekataza yai asikilizwe. Aliyeruhusu yai hawezi kukasirika kwamba sikulila. Hesabu ikawa nzuri, hakuna aliyechukia. Mwisho wa wiki ya pili, kwenye sahani yangu kulibaki viazi vitamu vya kuchemsha, bugali, na lenga-lenga, mchicha wetu, za maji matupu.

Na vikombe. Tangawisi asubuhi, tumboni hakuna kitu. Mululuza saa sita. Tumbo lilikuwa linaungua mpaka jioni, na jioni nikishindwa kula, maman anatikisa kichwa: "Unaona? Mwili haijapata nguvu." Anaongeza kikombe. Nikikosa usingizi kwa kuungua, asubuhi macho yangu yanakuwa mekundu, na macho mekundu yanaleta mgeni mwingine na chupa nyingine.

Nililala pale, dirisha limefungwa, chumba kinanuka mikaratusi. Nilijua saa kwa sauti za nje tu: wanafunzi wanashuka, wauza mkate wanapanda, wanafunzi wanapanda. Nilifunga sketi kwa pini moja, kisha kwa pini mbili. Nilijifurahisha kwa kushona kichwani: leo mikono ya kanzu, kesho shingo. Lakini wiki ya tatu hata ile kanzu ilianza kunichokesha. Nikifika kwenye mkia, nasinzia.

Siku moja maman alienda sokoni. Nikavaa sandale, nikatoka. Jua! Nilipanda ngazi kumi na mbili, nikashika ukuta wa jirani, nikacheka kama mjinga. Ya kumi na tatu ilinikuta na sauti ya maman wa mikaratusi toka juu, anaanika nguo.

"Weye! Unataka kufuata yaya yako?"

Nikashuka.

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa wa pekee, alikuwa ameugua kifua kama mimi, mwaka mmoja kabla, akafa. Alikuwa mbeba mizigo kwenye bandari. Hatukuwa tukimtaja sana nyumbani. Maman aliporudi alikuwa ameishaambiwa njiani. Hakunigombeza. Alipasha maji, akaniosha miguu ile yenye udongo, kidole kwa kidole, kisha mikono yake ikaishika yote miwili ndani ya beseni mpaka maji yakapoa. Mlango ule ningeweza kuusukuma siku yoyote. Mikono ile sikuweza.

Basi nikabaki. Wiki ya nne nzima nilibaki.

Mercredi ya wiki takatifu, zamu ya kusali ilikuwa kwetu. Kwa mara ya kwanza mamans wote walikuwa kwenye chumba kimoja, magoti kwa magoti, na mimi kwenye kona na bulangeti langu. Walipomaliza sala, maman présidente akanigeukia.

"Mugonjwa wetu, unasikia je?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema: muzuri, aksanti kwa sala. Kinywa kikasema kingine.

"Maman présidente, niko na njaa."

Wakacheka. "Njaa? Na maman yako anapika kila siku?"

"Anapika. Lakini yai, nikule ao nisikule?"

"Akule," akasema présidente.

"Asikule!" akasema maman wa sambaza. "Mi nilishakataza."

"Na sambaza je?" nikauliza.

Maman wa sambaza akashtuka. "Nani alikataza sambaza?"

Kisha maman wa mikaratusi, polepole: "Ni miye."

"Weye! Na juzi ulichukua kwangu bakuli mbili!"

"Zilikuwa za bwana. Yeye hakohoe."

Nyumba ikalipuka. Kila mmoja akatetea katazo lake na kuvunja la mwenzake: maharagi hayana kosa, hapana, yana kosa; avoka ilimponya mtoto wa fulani; jua alikataza nani, présidente mwenyewe? Présidente akapiga makofi. Akaniuliza chakula kimoja kimoja, kipi kimebaki kwenye sahani yangu. Alipokuta vimebaki bugali, viazi na lenga-lenga tu, hakuna tena aliyekuwa anacheka. Maman wa sambaza alisogea, akazungusha kidole na gumba kwenye mkono wangu. Vilikutana.

"Batu ya Mungu," akasema, "huyu mutoto tumemufungisha Kwaresima mbili."

Wote wakamtazama maman yangu. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kimebanwa magotini.

"Yaya yake alisikia muzuri siku ya tatu," akasema. "Akaacha dawa, akarudia mizigo. Sikumukataza. Hata kitu kimoja sikumukataza. Huyu nilisema nitamukataza vyote."

Maman wa mikaratusi alifuta pua kwa ncha ya kitenge chake. Présidente akasema kwa sauti ndogo: "Huyu alimaliza dawa, maman. Wewe mwenyewe ulimupatia kila kidonge."

Maman akanyanyuka, akaenda kuloweka maharagi.

Siku sita zilizobaki hazijengi mwili, infirmier alikuwa amesema kweli. Nilikula polepole: maharagi na mafuta ya mawese, sambaza tatu, kisha nne, yai la Pasaka, nusu ya avoka. Tangawisi nilikunywa nimeshakula, chai tu, na tumbo likanyamaza. Nililala usiku mzima. Asubuhi nilipanda ngazi, na maman nyuma yangu, ngazi tano nyuma, kila siku.

Mardi tulifika atelier, mimi na maman. Jasho lilikuwa linanitiririka. Msichana mwingine alikuwa ameishakaa kwenye machine yangu. Patronne alinitazama toka kichwani mpaka sandale.

"Ulikuja. Lakini umekonda sawa uzi. Fanya asubui tu. Midi, saa sita, unarudi kula na kulala. Kisha midi, machine ni ya huyu."

Nusu ya machine. Nilitaka kulia, kisha nikaona kwamba nusu ya siku ndiyo nguvu niliyokuwa nayo. Msichana akanipisha, kiti bado kina joto lake.

"Maman, rudi nyumbani," nikasema.

"Narudi," akasema, akakaa kwenye benchi la wateja, na patronne akamletea chai.