Mke Mwenzangu Anaficha Ugonjwa Ili Zamu Yangu Isiguswe

Admin, jina langu lifiche, hapa Kilole, Korogwe, tunajuana. Nina miaka 34, ni mke wa pili. Bi mkubwa anaishi Kwamsisi, kule Handeni. Mume wetu, Baba Shabani, anauza mitumba minadani na zamu amezigawa nyumba mbili.

Bi mkubwa aliugua saratani ya titi, na zamu zangu zikaishia hapo. Mume alimpeleka hospitali, akamnywesha uji, akamfulia hadi kanga. Mimi nilipougua malaria nililetewa panadol na bodaboda. Jamani, nilimwonea wivu mgonjwa, msinitukane. Alipokatwa titi nikajisemea sasa mume atanigeukia mimi. Wapi. Alizidi kumpenda.

Akapona, zamu zikarudi. Wiki iliyopita alikuja kliniki huku Korogwe, akafikia kwangu kama kawaida. Asubuhi ya kuondoka alikaa chooni mpaka nikamgongea kwa hasira. Alipotoka akanishika mkono.

"Mdogo wangu, nikienda haja kubwa natoka damu. Mwezi wa pili huu, na tumbo halitulii. Daktari alishatuambia, sisi tuliougua titi tusidharau mambo haya, wengine hupata na saratani ya utumbo mpana. Mpaka upimwe ndiyo ujue."

"Si bawasiri hiyo, dada?" nilimjibu haraka, maana kichwani nilishamwona mume akifungasha begi kuhamia kwake.

"Huenda. Jana kliniki sikusema. Na wewe usimwambie Baba Shabani. Atahamia kwangu tena, na zamu zako nimeshazila za kutosha."

Nilitamani angenitukana. Miaka yote nimemwona mwizi wangu, kumbe alijua anachonichukulia na kilimuuma. Nilimsindikiza stendi, akapanda gari la Handeni.

Mpaka leo sijasema. Wiki hii mume yuko kwangu, anacheka, ananiita lile jina la wakati wa uchumba. Ndiyo maisha niliyoyaomba. Nikitaka kufungua mdomo, roho inaniambia ngoja kwanza zamu hii iishe. Lakini akienda Kwamsisi najua bi mkubwa atampikia na kumficha, na ugonjwa kama upo hausubiri zamu ya mtu.

Jana alinipigia simu. Aliuliza kama mume amekula vizuri. Hali yake hakuitaja, na mimi sikuuliza.

Nishaurini ndugu zangu. Mume huyu niliyemlilia hivi, nianzeje kumwambia aamke aende kwa mwenzangu?