Waliposifu Kitenge Changu, Nikanyamaza

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti ofisi ya mifugo ya wilaya, Mpanda, nikiwa na barua ya ajira, cheti cha chuo na suruali ya kaki niliyoshonewa na fundi wa mjini. Afisa Mifugo wa Wilaya, mzee mpole aliyependa chai ya rangi, aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani kabla hajafungua barua.

"Umekonda hivi, ng'ombe wa Kisukuma utamshika wewe?"

Nikamjibu kuwa ng'ombe hashikwi kwa unene, anafungwa kamba. Akacheka, akanipangia kijiji kimoja upande wa Kibaoni, ambako wafugaji waliohamia na makundi yao kutoka Usukuma walikuwa na josho.

Vijana wa leo mnaonyunyizia ng'ombe dawa kwa bomba la mgongoni huenda hamjaliona josho likifanya kazi. Ni mfereji mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande huu, anaogelea, anatokea upande wa pili akitiririka. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha dawa ina nguvu, na nilipima kwa fimbo yenye alama. Maji yakipungua, tunaongeza maji pamoja na dawa kwa kipimo. Yakipanda bila mtu kuongeza, ujue mvua imeingia na dawa imezimuliwa. Kupe hafi kwa dawa dhaifu. Anabaki na ndigana kali yake, ugonjwa unaovimbisha tezi na kumaliza mnyama kwa siku chache.

Wazee wa kamati ya josho hawakuwa na haja na fimbo yangu. Wao waliangalia rangi. Dawa ile ikichanganywa na maji huwa nyeupe, basi maadamu josho lilionekana jeupe, kwao lilikuwa zima.

Wakati wa mvua za mwaka ule upepo uliezua mabati ya josho. Jumatatu nikapima, maji yamepanda. Nikaenda kwenye kikao cha kamati nikiwa na neno moja tu: Alhamisi, siku ya kuogesha, tusiogeshe kabla ya kuongeza dawa. Dawa ilikuwepo stoo, na ufunguo alikuwa nao Mwenyekiti wa Kamati.

"Mwenyekiti, nimepima josho," nikaanza.

"Subiri kwanza, binti. Hiyo suruali. Hapa kuna wakwe za watu."

"Na kichwa," mzee mwingine akadakia. "Nyie huko chuoni mnanyolewa kama wanaume?"

Kikao kikaishia kwenye suruali, kikaahirishwa hadi Jumatano. Nilitoka nimekasirika, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo linaniuma. Sikuwaza josho tena, niliwaza nguo. Nilikwenda sokoni Kibaoni nikanunua kitenge cha rangi ya machungwa, nikamsumbua fundi akishone haraka, na kipande kilichobaki nikafunga kilemba.

Jumatano walipiga makofi. "Leo sasa umependeza!" Mwenyekiti akasema. "Huyu ndiye Bibi Mifugo wetu." Hata akina mama waliokaa nyuma walipiga vigelegele. Nikapewa kiti cha mbele. Nilifurahi, siwezi kuwadanganya. Niliona nikisimama na kuwaambia josho lao halifai nitaharibu ile raha, na wataanza tena na ukondefu wangu. Tulipofika kwenye mengineyo Mwenyekiti akaniuliza kama nina neno.

"Sina, mzee," nikasema.

Alhamisi ng'ombe wa kijiji kizima wakaogeshwa kwenye maji meupe yasiyoua kitu.

Wiki mbili baadaye akaja Kabula, mjane mwenye watoto wanne na maksai wawili. Hao maksai ndio waliomlimia, na shamba lake la mpunga lilikuwa limelimwa nusu tu.

"Daktari, mmoja hali tangu jana. Hapa chini ya sikio pamevimba."

Tulipofika zizini kwake nikashika tezi ya maksai, ngumu kama yai. Joto lilikuwa juu. Nikamchoma sindano, na kwa siku tatu nilikuwa kwa Kabula asubuhi na jioni, suruali yangu ya kaki imejaa mavi ya ng'ombe, nikimwomba Mungu kimoyomoyo. Ndama wawili wa jirani hawakuwahiwa. Siku ya nne asubuhi nilikuta maksai amesimama, anavuta mabua. Nilikaa chini palepale zizini nikalia kwa nafuu, wala sikuona aibu.

"Lakini kupe wametoka wapi, na juzi tu tumeogesha?" Kabula akauliza.

Ningeweza kusingizia mvua. "Nilijua tangu Jumatatu ile kabla ya kuogesha kuwa dawa ni dhaifu," nikamwambia. "Sikusema."

Nilisubiri matusi, na ningeyapokea.

"Mimi nilikuwepo kikaoni," akasema. "Na mimi nilikupigia kigelegele kwa kile kitenge." Akachukua khanga yake. "Twende kwa Mwenyekiti. Hivyo hivyo ulivyo."

Mwenyekiti alikuwa barazani na wenzake. Aliponiona tu akakunja uso. "Binti, mbona umekuja na uchafu huo kwa watu..."

"Baba, maksai wangu nusura afe," Kabula akamkata. "Msikilize kwanza. Nguo mtazisema baadaye."

Nikasema yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Mwenyekiti alitazama chini, kisha akaniuliza swali lake la kwanza la maana tangu nifike kijijini pale: "Dawa inatakiwa kiasi gani?" Jioni ile stoo ilifunguliwa.

Sisemi suruali iliachwa kusemwa. Nilipohamishiwa Ikola ilisemwa, niliporudishwa Mpanda chini ya Afisa Mifugo mpya walisema nimezeeka haraka. Ila kuanzia hapo nilisema la mifugo kwanza, hata wakati wakinicheka, na nilipata usingizi mzuri.

Sasa nimestaafu, nipo Litapunga na kuku wangu. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia Ester, afisa mifugo wetu wa kata, binti wa rika la wajukuu zangu. Alikuwa ametangaza chanjo ya kideri, ugonjwa wa kuku, kwenye kundi la kata simuni, akaweka na picha yake ameshika kichupa cha dawa. Majibu yote yakawa ni wigi lake.

"Bibi, hakuna hata mmoja aliyeuliza chanjo ni lini," akasema, machozi yakimlengalenga.

Na mimi, jamani, muda wote huo nilikuwa natazama kucha zake, ndefu, za bluu. Ulimi ulishakuwa tayari: mjukuu wangu, na hizo kucha kuku unamshikaje? Nikalimeza neno hilo. Namshukuru Mungu nililimeza.

"Ni lini?" nikamuuliza.

Akashusha pumzi, akasogeza kigoda, akaanza kunieleza. Chanjo ile ni tone moja jichoni. Jumamosi aliwachanja kuku wangu wote, na kucha zake hizohizo, wala hakukosa jicho hata moja.